Mashine Iliyohesabu Sita

Balwant alifia Uingereza, akachomwa hukohuko kama ilivyo desturi ya Kalasinga, na jamaa zake waliobaki Nakuru wakamfanyia maombi gurudwara, hekaluni kwao, Jumapili iliyofuata. Nilikwenda. Nilivua viatu mlangoni, nikafunika kichwa kwa leso, nikaketi na wanawake juu ya zulia, na maombi yalipokwisha tukapewa dengu, chapati na wali wa maziwa. Hapo ndipo mpwa wake, mwanamume mnene mwenye ndevu za mvi ambaye mimi nilimjua akiwa bado anabebwa, aliposimama kusema machache. Alisema mjomba wake alikuwa na kipaji. Alisema kwamba akiwa kijana, katika chumba kilichokuwa juu ya duka lao, aliunda kwa mikono yake, peke yake, mashine ya kupiga muziki ambayo hakuna mtu wa Bonde la Ufa aliyewahi kuiona. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama mmoja aliyeketi kando yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe mathe, ulimjua wapi?" Nikamwambia, "Nilikuwa nanunua betri kwao." Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nimepita miaka sabini, nimefundisha watoto wa watu kuimba mpaka wengine wamekuwa mababu, na sikuwa na sababu ya kumwogopa yeyote pale. Lakini lile neno "peke yake" lilinifanya niirudishe chapati kwenye sahani. Nilipofika nyumbani nilijaribu kuandika ujumbe mfupi wa rambirambi kwa watoto wake. Haukuandikika. Kilichoandikika ni hiki.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Siku za kazi niliuza vitabu na madaftari katika duka moja nyuma ya soko, na Jumapili nilipiga kinanda kanisani. Kinanda chenyewe kilikuwa kidogo, cha umeme, na mwezi wa pili mwaka huo kilinyamaza katikati ya wimbo wa sadaka. Mchungaji akanituma nikipeleke kwa fundi. Duka la fundi lilikuwa mlango wa tatu kutoka kwetu, nililipita kila siku bila kuingia: redio zimepangwa hadi darini, nyingine bila migongo, na nyuma ya meza kijana mrefu mwenye kilemba cha samawati na vidole vyenye madoa ya kuungua. Huyo ndiye Balwant. Alikifungua kinanda, akalehemu mahali pawili, akanisukumia. "Haya, piga nisikie." Nikapiga. Yeye akaridhika, mimi sikuridhika. "Hii moja iko chini," nikamwambia. "Ipi?" "Hii. Sikiliza." Hakusikia kitu. Akachukua mita yake, akapima, akapima tena, kisha akaniangalia kama mtu aliyeona sarafu imesimama wima. "Ni kweli," akasema. "Wewe masikio yako ni mita." Tangu siku hiyo akawa ananiita kila mara alipotengeneza kitu cha muziki, nami nikawa nakwenda saa ya chakula, naacha mkate wangu nusu.

Mashine zililetwa na mhandisi mmoja mgeni, katika wale waliokuwa wakichimba visima vya mvuke kule Olkaria. Zilikuwa mbili, kila moja ndogo kama sanduku la nguo za mtoto. Aliziita sintesaiza. Kwa macho zilifanana na vinanda vifupi, ila ndani hazikuwa na chochote cha kupulizwa wala kugongwa. Sauti ilizaliwa na umeme wenyewe, ukaichonga utakavyo kwa vifundo vya kuzungusha: ikawa filimbi, ikawa nyuki, ikawa mlango unaolalamika. Vumbi la kule lilikuwa limeziziba. Balwant alizisafisha kwa wiki tatu, mimi nikimsaidia kusikia. Mhandisi aliporudi, mkataba wake ulikuwa umekwisha na mizigo yake ilikuwa imezidi. Akatusikiliza tukizijaribu, akacheka, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mimi rudi nyumbani. Hizi zenu. Zenu wawili." Akatuonyesha kwa kidole, mimi kwanza, kisha Balwant. Akatuachia pia gazeti la mafundi lenye mchoro wa kisanduku cha tatu, ambacho kikiunganishwa na sintesaiza kinaipigisha wimbo bila mtu kugusa. Nimekikumbuka kidole kile mara nyingi. Hatukuandikiana karatasi. Nani angeandikiana karatasi na rafiki?

Kisanduku kile tulikiunda sisi wawili kuanzia mvua za masika hadi baridi ya mwezi wa saba, katika chumba cha juu ya duka, chumba cha mabati chenye dirisha moja lililotazama mji mpaka kule ziwani. Ukipanda ngazi ulikutana na harufu mbili zikigombana, moshi wa risasi ya kulehemu na samli ya Biji. Biji ni mama yake Balwant, mjane, mwanamke mfupi aliyetembea kwa kusukuma hewa mbele yake kama anayechelewa. Jiko lake lilikuwa kando ya ngazi na hakuna aliyepita bila kulishwa. Alinipikia sukuma wiki na mchicha pamoja, akaviponda mpaka vikawa uji wa kijani, akavitia tangawizi na siagi, akanipa na mkate wa unga wa mahindi aliouchapa kwa viganja. Nikamwambia huo ni ugali uliolala, akacheka mpaka akafuta macho. Aliniita beti, maana yake binti. "Beti, kula kwanza. Mashine iko, haikimbii." Na kwa kuwa yeye na Balwant walizungumza Kipunjabi juu ya kichwa changu tangu mwezi wa tatu, nami mwenye masikio ya mita, ilipofika mwezi wa nane nilikuwa naelewa karibu yote. Sikuwaambia. Sikuwa naficha, nilikuwa naona haya kukosea matamshi, nikisubiri nikijue vizuri ili siku moja nimshangaze Biji.

Mbao za kisanduku nilizifuata mwenyewe Elburgon, kwa fundi wa kiwanda cha mbao aliyenikatia mwerezi usiopinda. Juu yake tulitoboa matundu manane, tukatia vifundo vinane, na juu ya kila kifundo taa ndogo nyekundu. Kazi yake haikuwa uchawi. Ndani mlikuwa na kipigo kama cha saa ya ukutani, na kila kilipopiga, umeme ulihama kutoka hatua moja kwenda ya pili, taa ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya nane, kisha ukaanza tena; pembeni palikuwa pia na tundu la waya la kuuanzisha upya. Kila hatua ilipeleka volti zake kwenye sintesaiza, na kifundo ndicho kilichoamua ni ngapi: ukikizungusha kulia sauti inapanda, kushoto inashuka. Mashine haikuwa na kumbukumbu. Wimbo ulikaa katika namna vifundo vilivyosimama, na mtu akivigusa umekwenda. Kwa hiyo yeye alizungusha, mimi nikasikiliza. "Panda. Panda kidogo. Umepita. Rudi. Hapo, usiguse, toa mkono polepole." Tukimaliza cha nane, cha kwanza kimeshahama, kwa kuwa mabati yalipata joto saa sita na sauti zote zikapanda nalo. Tukafunga mlango, haikusaidia. Nikamwambia aloweshe magunia tuyatandaze juu ya paa, Biji akatuuliza kama tunaozesha viazi, lakini sauti zikatulia. Siku ya kwanza taa zile zilipokimbizana na sintesaiza ikaimba sauti nane bila mkono wa mtu, Balwant alipiga kelele, Biji akaja na unga mikononi, akasimama mlangoni akatazama. "Nani anacheza?" akauliza. "Hakuna mtu, Biji." "Basi zima," akasema, "kitu bila mtu si kizuri." Nasi tukacheka.

Lakini sauti nane zilinichosha upesi. "Balu, hii inatembea kama polisi," nikamwambia. "Moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne." Kichwani nilikuwa na wimbo wa mama yangu, ule aliouimba akisaga wimbi akiwa peke yake, wimbo mfupi unaozunguka, na huo ulikwenda kwa sita. Sikujua aliutoa wapi. Nilikuwa nimeusikia ukipenya ukutani tangu utoto na nilidhani kila nyumba ina wimbo wa namna ile. Balwant akasema, "Mchoro una nane. Nane ni nane." Wiki nzima nilikaa dukani nikiuza madaftari huku nawaza taa ya saba. Jumamosi nikamuuliza, "Hii ya saba ikiwaka, umeme wake unaishia wapi?" "Kwa taa." "Na tukiutoa hapo na waya, tukaurudisha kwa lile tundu la kuanza upya?" Akafungua mdomo anikatalie, akaufunga. Akakata waya mwekundu, akachomeka upande mmoja kwenye hatua ya saba, upande wa pili kwenye tundu la kuanzia. Mashine ikahesabu moja hadi sita, ikafika mlangoni kwa saba, ikajirudisha yenyewe. Moja hadi sita. Nikavipanga vifundo kimoja kimoja mpaka wimbo wa mama ukasimama wote. Sintesaiza ya pili tukaiweka ishike sauti moja nzito chini yake, kama wanaume wanavyoitikia. Tuliusikiliza ukizunguka. Kisha Balwant akanishika mkono wa kulia, akautikisa kama tunaagana stesheni, akasema, "Selina, wewe ni hatari." Sijawahi kusifiwa vizuri kuliko hapo. Hakukuwa na mapenzi kati yetu, nalisema kwa kuwa watu wengi waliuliza wakati ule. Kulikuwa na kitu ambacho mimi nilikiona kikubwa zaidi.

Mteja mmoja aliyekuja kuchukua redio yake alisikia sauti zile zikishuka ngazi. Alikuwa na ndugu anayetayarisha vipindi vya muziki redioni Nairobi, na mwezi wa kumi barua ikaja kwa anwani ya duka. Balwant alinisomea tukiwa jikoni kwa Biji, karatasi ameiinua juu. "Wanatutaka tukarekodi," akasema. "Wanasema Januari." Mimi nilikuwa na barua yangu pia, ya chuo cha ualimu, ikinitaka niripoti Januari hiyohiyo. Nilikuwa nimeingojea miaka miwili. Nikaitoa mkobani, nikaiweka juu ya meza. Balwant akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Chuo kiko kila mwaka," akasema. "Hii haiko kila mwaka. Na mimi bila wewe nitasikia nini?" Biji alikuwa anachapa mkate, akatutazama sote wawili, akaendelea kuchapa. Jumatatu nikaandika kwa chuo kwamba nafasi yangu wampe mwingine. Nilitumia bahasha ya dukani na mwandiko wangu bora.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na mbili nilitoka kanisani nikaenda kula kwa Biji, kama kawaida. Tulikuwa watatu mezani. Biji akamwekea mwanawe dengu, na bila kubadilisha sauti, kwa Kipunjabi, akamuuliza kama mashine zimeshatafutiwa sanduku la safari. Balwant akajibu kwamba ziko tayari, Alhamisi anakwenda nazo Nairobi kurekodi, kwa kuwa redioni wamekubali asingoje Januari, na kutoka hapo zitatangulia Uingereza kwa mjomba wake, naye atazifuata baada ya Krismasi. Kazi ya kiwandani imeshapatikana. Biji akafunika sufuria ya dengu. Kisha akauliza, "Na msichana? Umemwambia?" Balwant akapasua chapati. "Baad vich," akasema. Baadaye. Biji akanigeukia na tabasamu, kwa Kiswahili: "Beti, ongeza mboga." Nikaongeza. Nilikula kila kitu kilichokuwa kwenye sahani ile, nikasikia kila tonge likishuka. Mpaka leo watu huniuliza kwa nini sikusimama. Nadhani nilikuwa bado nangoja mmoja wao ageuze maneno, aseme kwa lugha ya wote kile kilichosemwa kwa lugha yao. Kwamba Balwant alinificha, hilo lingeweza kuwa uoga. Lakini tabasamu lile la Biji lilikuwa la kila siku, halikuwa na tofauti hata kidogo na mengine yote aliyonipa mwaka mzima, na hapo ndipo niliposhindwa kujua ni mangapi katika hayo yalikuwa yangu.

Nikaomba ruhusa nikanawe, nikapanda chumbani. Mashine zilikuwa zimesimama pamoja, vifundo vile sita mahali nilipoviacha. Nilijua kwamba nikipitisha kiganja mara moja tu juu yake, wimbo umekwisha, na yeye kwa masikio yake hatauona tena. Niliinua mkono. Sikuweza. Ilikuwa kama kuvunja kitu cha mama nikiwa ugenini. Nilichofanya ni kidogo: niliuchomoa ule waya mwekundu, nikauzungusha kidoleni, nikautia mkobani.

Jumatatu asubuhi aliingia duka la vitabu, akangoja mteja atoke. "Sasa Selina. Umeona ile waya ya saba?" Nikamuuliza, "Alhamisi unaenda wapi?" Akasema, "Alhamisi? Naenda mahali kidogo. Nitakuambia." "Baad vich," nikamwambia. Uso wake ulibadilika kuanzia masikioni. Alishika ukingo wa meza, na mwanzo alichosema si samahani. Aliuliza, "Tangu lini unasikia?" "Tangu mwezi wa nane." Akatazama mlango. "Selina, nikifika huko na wewe, wataniuliza huyu ni nani kwako. Na watu wetu hapa wataniuliza. Mama ataulizwa. Niwajibu nini?" "Wajibu ni mtu aliyeipanga hiyo mashine." "Hawataamini," akasema. Nikamuuliza, "Na barua yangu ya chuo?" Kisha akasema jambo ambalo lilinichoma kuliko uongo wake: "Mimi naweza kukata waya mwingine." Na ndivyo alivyofanya. Waya ni waya.

Alhamisi alisafiri. Ijumaa Biji alikuja dukani kwetu, yeye ambaye sikuwahi kumwona akinunua kitabu. Alichukua daftari moja la kurasa chache, akalishika mbele yake kwa mikono miwili. "Beti," akasema, "yeye mtoto yangu. Mimi nafanya nini?" Nilimfungia daftari kwa karatasi ya kahawia kama mteja yeyote, nikasema, "Asante, karibu tena." Aliondoka bila kusukuma hewa, polepole. Sikupanda ngazi zile tena, na alipohama miaka ya baadaye nilisikia kwa watu.

Mwishoni mwa Januari, Jumamosi mchana, nilikuwa kwa mama katika nyumba za reli. Wenzangu walikuwa chuoni tayari. Mama alikuwa anachambua maharagwe, redio iko dirishani, na mtangazaji akasema sasa tunamsikiliza fundi kijana kutoka Nakuru mwenye muziki wa mashine. Nikasikia sauti ya Balwant, nyororo, ya mtu aliyevaa shati safi. "Mashine kama hizi zinahesabu nane," akasema. "Nilikaa siku moja nikafikiria, kwa nini isihesabu sita?" Mtangazaji akamuuliza na wimbo wenyewe ameutoa wapi. "Ah, huo ni wimbo wa kienyeji tu," Balwant akasema. "Hauna mwenyewe." Kisha wakaupiga.

Mkono wa mama ulisimama ndani ya maharagwe. Nilifikiri atafurahi, au atashangaa, na nilikuwa tayari kumweleza nilivyodhulumiwa, maneno yalikuwa yamejaa mdomoni tangu Desemba. Aliusikiliza wote mpaka mwisho, ukizunguka na kuzunguka. "Huyo hapumui," akasema. "Mimi pale mwisho nilikuwa nasimama kidogo. Namngoja anijibu." "Nani, mama?" "Mdogo wako. Yule hakutambaa. Nilimtungia akiwa mgonjwa, alikuwa ananiitikia kidogo, mm, mm. Alipoenda nikaendelea kumwacha nafasi yake." Alichukua haragwe moja bovu, akalitupa nje dirishani, kando ya redio. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Huyo Mhindi alipewa na nani?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Na wewe," akasema, "ulipewa na nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba niliusikia tu, ukutani, kama mtu anavyosikia mvua. Lakini ndivyo hasa Balwant angesema. Mama alinyoosha mkono akazima redio, akarudi kwenye maharagwe. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sehemu kubwa aliishi nyumbani kwangu. Alisaga, alipika, alilea wanangu. Sikumsikia akiuimba tena.